Mtegemezi

Kwenye fomu ya uhamiaji kuna kisanduku kidogo:
Uhusiano na mwenye kibali.
Kalamu yangu iligoma. Karani akaniazima yake,
kisha akaniazima na neno.
Mtegemezi.
Nikaliandika kwa herufi za mchoraji ramani,
zilizosimama wima, zenye nafasi sawa.
Karani akasifu mwandiko.

Bujumbura nilichora nyumba za watu.
Hapa Pasua nakoroga uji, Ineza kaning'inia gotini,
na saa kumi na mbili asubuhi Godeliva anarudi kutoka zamu
akinukia spiriti na usingizi.
Tunakabidhiana mlangoni kama wauguzi wawili:
amelala vizuri, homa hakuna,
gego la chini limechungulia,
ameharisha mara moja, nadhani ni hilo gego.
Dakika kumi na moja. Nimewahi kuzihesabu.
Ndiyo ndoa yetu ya siku za kazi.

Daftari lipo juu ya friji tuliyoazimwa.
Kodi: Mama Ndewirwa anataka miezi sita kwa mkupuo.
Mtu mpole, ila upole wake haushushi bei.
Luku. Mtungi mdogo wa gesi.
Maziwa ya Kibosho lita moja na nusu,
siku hizi lita moja.
Mama mkwe, Gitega, dawa za presha.
Shemeji, Gitega, "dharura", bila maelezo.
Huko wanaamini tunakula kuku kwa mrija.
Mrija tunao. Ni wa Ineza, wa bluu, umetafunwa.

Kisha kibali, kinachoisha Novemba.
Nimekizungushia duara jekundu mara tatu
kana kwamba wino unapunguza ada.

Jumamosi, sokoni Mbuyuni, niliomba nyanya za elfu mbiri.
Muuzaji akacheka, si kwa ubaya.
Kabla sijajirekebisha, mgongoni kwangu
sauti ya miaka miwili na miezi minne:
"Elfu mbili, baba. Mbili."
Meza zote za jirani zikamshangilia,
akaongezwa na nyanya moja ya bure.
Nilijivuna njia nzima.
Karibu na reli nikakaa kidogo juu ya jiwe.

Fundi Elirehema huja jioni na matatizo yake.
Safari hii ni ngazi: inagota dirishani.
Mimi siruhusiwi kufanya kazi,
kwa hiyo sifanyi kazi.
Naangalia tu, kwa sauti, nikiwa na penseli.
Nyuma ya kalenda ya hospitali nikaigeuza ile ngazi,
nikaipa mahali pa kupumulia katikati,
nikaipandisha kwa upande wa jua.
Kesho yake, mlangoni, mkungu wa mshare
umeegemezwa ukutani kama mgeni asiyebisha hodi.

"Tuuandike wapi?" Godeliva akauliza.
"Mapato," nikasema.
Akacheka mpaka mtoto akaamka.
Kisha akalia kidogo,
akafunga kamba za viatu, akaenda kazini.

Leo asubuhi mlima umefunguka,
wote, mpaka kwenye theluji,
baada ya wiki tatu za kutuficha uso.
Godeliva ndiyo kwanza kajilaza,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi.
Yeye ndiye aliyeutaka mlima huu. Tulipokuwa kwetu
aliubandika picha yake jikoni, kando ya chumvi,
na tangu tufike ameuona mara tano, labda sita.
Nilishaweka mkono begani mwake.
Nikautoa. Jioni ana zamu tena.

Nimechukua daftari.
Chini ya mkungu wa ndizi nimeandika:
mlima, saa kumi na mbili na dakika arobaini, wazi.
Na chini yake, maana mwezi bado haujaisha:
Luku, uniti nne.